Sizoni ya pili imepoa? Hivi ndo unavyoitibu kabla watu hawajahama

Kuna ile hali kila mtu anaijua. Sizoni ya kwanza umeimaliza kwa siku mbili, macho mekundu, kazini umechelewa, na bado unawasumbua wenzio "jamani hii kitu angalieni". Inakuja sizoni ya pili, epsodi ya kwanza poa, ya pili mmh, ya tatu unajibu meseji huku inacheza, ya nne unainuka unaenda jikoni kuangalia maharage na wala huipozi (yani huisimamishi), unarudi baada ya dakika kumi unakuta wapo palepale, wamekaa, wanaongea kuhusu jambo walilokuwa wanaliongea epsodi iliyopita.

Hiyo ya kutoipoza ndo kipimo cha kwanza na hakidanganyi. Mtu akiinuka bila kupoza maana yake ameshakuamini kwamba hakuna kitakachotokea.

Mi kazi yangu ni kuandika na kurekebisha skripti za tamthilia hapa Dar, miaka kadhaa sasa, na hii ishu ya sizoni ya pili nimeiona kwa wengine na nimeifanya mwenyewe kwa mikono yangu, ntawasimulia. Kwa hiyo haya ni maelekezo kwa anayeandika, ila hata kama wewe ni mtazamaji tu yatakusaidia kujua kwa nini ulilala.

Kwanza tukubaliane ugonjwa ni nini. Watu wakiambiwa stori imepoa wanakimbilia kuongeza matukio. Ajali ya gari. Mimba. Baba aliyekufa kumbe yuko Afrika Kusini. Pacha. Sasa ukirundika haya yote bila sababu stori inakuwa na kelele nyingi lakini haisogei, ni kama daladala imezimika halafu dereva anapiga honi. Kwa ninavyoona mimi ugonjwa wenyewe unaitwa ubahili. Sizoni ya kwanza ulikuwa huna uhakika kama itapata ya pili, ukatoa kila ulichonacho. Ya pili umeshahakikishiwa epsodi, tena nyingi kuliko mwanzo, unaanza kupiga hesabu kama mtu wa mwisho wa mwezi: siri hii niiweke mpaka epsodi ya kumi, huyu asife kwanza, hawa wasikutane mpaka mwisho. Unatunza nyama kwenye friji huku wageni wanakula ugali na chumvi.

Chukua The Walking Dead, ile ya Kimarekani ya kundi la watu wanaokimbia wafu wanaotembea na kula watu, wengi mmeiona. Sizoni ya kwanza mwaka 2010 ilikuwa na epsodi 6 tu. Sita! Ya pili wakapewa 13. Juu ya hapo, Frank Darabont aliyeianzisha na kuisimamia aliondoka Julai 2011 kazi ikiwa inaendelea na Glen Mazzara akashika usukani. Kwa hiyo epsodi zaidi ya mara mbili, nahodha amebadilishwa katikati ya safari, na sehemu kubwa ya stori iko sehemu moja, shambani kwa mzee Hershel. Ukiambiwa uandike hivyo hata wewe utababaika.

Sasa fanya zoezi hili ambalo mi nalifanya kwenye kila skripti ninayoletewa. Chukua daftari, kila epsodi iandikie mstari mmoja tu, na mstari uwe unajibu: nani ameamua nini ambacho hakiwezi kurudi nyuma? Sio nini kimetokea. Nani KAAMUA. Tukiifanyia hiyo sizoni inakuwa hivi. Epsodi ya kwanza mtoto Sophia anakimbia msituni anapotea, na Carl, mtoto wa Rick kiongozi wa kundi, anapigwa risasi, haya, hatari ipo. Ya pili wanafika shambani, Shane wa kundi na Otis wa pale shambani wanatoka usiku kwenda kufuata vifaa vya kumfanyia Carl upasuaji. Ya tatu Shane anampiga Otis risasi ya mguu makusudi ili wale wafu wahangaike na Otis yeye apone. Hapo kalamu yangu inaandika kwa herufi kubwa, maana huyo jamaa hawezi tena kuwa yule wa jana. Ya nne... wanamtafuta Sophia. Kuna mfu kaanguka kisimani wanahangaika kumtoa. Ya tano wanamtafuta Sophia, Daryl anaumia huko msituni. Ya sita siri zinatoka toka. Ya saba ndo ghala la Hershel linafunguliwa, ntalieleza.

Umeona kilichotokea pale katikati? Swali la sizoni lilikuwa "Sophia yuko wapi" na jibu la kila epsodi lilikuwa "bado". Neno "bado" halijengi stori. Ukiona kwenye daftari lako mistari mitatu mfululizo inaanza na wanatafuta, wanasubiri, wanajadili, weka kalamu chini, hapo ndo watu wanaenda kuangalia maharage.

Lakini kinachoniuma zaidi kwenye ile sizoni ni kwamba dawa ilikuwa shambani kwao wenyewe. Kwa ambaye hajaona samahani naharibu utamu, ila ni ya 2011 hiyo, utanisamehe. Hershel amefungia wafu ghalani kwa sababu anaamini ni wagonjwa, wengine ni ndugu zake. Mtazamaji anakuja kulijua hilo mwisho wa epsodi ya tano, Glenn, kijana wa lile kundi, anapochungulia. Sasa jiulize, ingekuwaje kama sisi watazamaji tungelijua hilo ghala tangu epsodi ya tatu, wao hawajui? Kila chakula pale mezani kingekuwa na moto. Watoto wakicheza nje, unashika mto. Hershel akisema "mkae mbali na ghala langu" unasikia maana mbili. Hujaongeza hata tukio moja, hujaajiri hata mwigizaji mmoja, umehamisha tu taarifa kutoka epsodi ya tano kwenda ya tatu. Na bado ungebaki na ile kubwa kuliko zote, kwamba Sophia mwenyewe alikuwa humohumo, anatoka wa mwisho ameshageuka mfu na Rick ndo anampiga risasi. Ile sini mpaka leo watu hawajaisahau.

Kwa hiyo maelekezo ya kwanza ni hayo: tafuta siri unayoibania, gawa vipande viwili, kipande kimoja mpe mtazamaji mapema. Ubaki na kile kingine.

Tahadhari moja. Prodyuza atakujibu "mbona watu wanaangalia". Na atakuwa na hoja, kwa sababu ile ile sizoni tunayoilalamikia ilimaliza Machi 2012 ikiwa na watazamaji kama milioni 9 Marekani, wengi kuliko ya kwanza. Watu wanavumilia wakiwa na mapenzi. Ila uvumilivu una mwisho na hujui lini, usiutumie kama mpango wa kazi.

Sasa kuna mwenzetu atasema sawa, natoa kila kitu mapema, halafu epsodi zilizobaki naandika nini? Hilo ndo swali zuri na lina mifano miwili, mmoja wa kupona mmoja wa kufa.

Wa kupona ni Prison Break. Sijui kama kuna mtu wa rika langu hapa mjini hakuiona hii, CD zilikuwa zinauzwa mpaka stendi. Sizoni ya kwanza yote ni swali moja, watatokaje gerezani. Mwisho wametoka. Swali limekufa! Kwa akili ya kibahili wangekamatwa mapema warudishwe ndani waanze kuchimba tena. Badala yake ya pili, 2006, ikageuza swali: wametoka, watakimbilia wapi na nani atawahi? Na wakaleta Mahone, mpelelezi mwenye akili kama ya Michael mwenyewe, yule aliyepanga kutoroka na mpango akauchora mwilini, anasoma zile tatuu zake kama anasoma gazeti. Halafu wakaanza kutumia bila huruma. Abruzzi, mtu mzito wa sizoni ya kwanza, anakufa epsodi ya nne. Ya NNE kati ya 22. Zile dola milioni tano zilizozikwa Utah ambazo mwandishi bahili angezitunza mpaka mwisho, wanazifikia kabla hata sizoni haijafika nusu, na zinaleta ugomvi mkubwa kuliko zilipokuwa ardhini. Ukiona mtu kama Abruzzi kaenda mapema, unakaa sawa kwenye kiti, unajua hapa hakuna steringi wa kudumu.

Wa kufa ni Twin Peaks ya 1990. Mji mzima, na Marekani nzima, wanauliza nani kamuua Laura Palmer. Muuaji akafunuliwa epsodi ya saba ya sizoni ya pili, na ya tisa kesi imeisha. Zikabaki epsodi 13 na hakuna swali lingine lenye uzito ule lililokuwa limeshaota mizizi. Wahusika wakaanza kutangatanga, huyu ana mapenzi huko barabarani na mke wa mtu, yule ana mashindano ya urembo, 1991 ikasimamishwa. Hapa kosa sio kutoa siri. Kosa ni kuvuna shamba lote wakati mbegu nyingine bado iko kwenye gunia. Sheria ninayoitumia mimi: siri haifunguliwi mpaka ile itakayoirithi iwe imeshaonekana kwenye stori angalau epsodi tatu nyuma, hata kama mtazamaji hakuipa maana. Mahone wamemleta mwanzoni kabisa, wakati bado tuna wasiwasi wa kukamatwa, hawakusubiri tuchoke kwanza.

Haya tuje kwenye nyuzi za pembeni, yani stori ndogo zinazoenda sambamba na ile kuu, maana hapa ndo pana uchafu mwingi.

Squid Game ya pili, Desemba 2024, ile ya Kikorea ya watu wanaocheza michezo kisiwani kwa ajili ya hela na anayeshindwa anauawa. Ya kwanza ilikuwa na epsodi 9 na mchezo wa kwanza unachezwa humohumo epsodi ya kwanza, watu wanapigwa risasi uwanjani hata hujamaliza chai. Ya pili ina epsodi 7 na mchezo wa kwanza uko epsodi ya tatu. Wengi walilalamika hapo. Mi hapo siwalaumu sana waandishi, kwa sababu epsodi ya kwanza ina yule jamaa wa suti anayewapa watu wasio na makazi wachague mkate au tiketi ya bahati nasibu halafu anacheza bastola ya risasi moja na Gi-hun, mhusika mkuu, hiyo ni nusu saa ambayo hakuna mtu aliyeenda popote. Kuchelewa sio tatizo kama unachelewa na kitu mkononi.

Tatizo ni ile boti. Jun-ho yule polisi yuko baharini anatafuta kisiwa. Tunaenda kwenye michezo, roho juu, tunarudi kwenye boti: bahari. Ramani. Droni. Bado. Tunaenda kwenye kura ya kuendelea au kuacha, watu wanagombana, tunarudi: bahari. Hii boti ni Sophia mwingine. Halafu mwishoni tunakuja kuona kwamba nahodha anayemwendesha ni msaliti, yuko upande wa wanaoendesha michezo! Ndugu zangu. Hiyo taarifa wamekaa nayo. Mpe mtazamaji hiyo taarifa epsodi ya tatu, sini moja ya sekunde ishirini, nahodha peke yake usiku anaongea na simu ya upande wa pili, basi. Kuanzia hapo kila Jun-ho akimshika bega nahodha na kumwambia asante mzee wangu, unapiga kelele kwenye kochi.

Jaribio la uzi wa pembeni ni rahisi. Utoe wote kwenye skripti, soma kilichobaki. Kama hakuna kilichoanguka kwenye stori kuu, huo uzi ni abiria. Una njia tatu: umshushe, umpe kazi, au umuunganishe na uzi mwingine ili wawili wawe mmoja. Mi huwa naanza na ya tatu kwa sababu waigizaji wameshasaini mikataba na kumshusha mtu kuna maneno.

Nimesema ntawasimulia la kwangu. Tulikuwa na tamthilia, sitaitaja wala chaneli, sizoni ya kwanza ilipendwa, msingi wake ni mtoto ambaye baba yake sie anayedhani ni baba. Sizoni ya pili tukakaa waandishi wanne tukakubaliana hiyo siri isitoke mpaka epsodi ya mwisho kabisa. Unajua tulifanya nini katikati? Kila epsodi mtu anakaribia kusema halafu simu inaita. Yani anafungua mdomo, "kuna jambo nataka nikwambie..." kriiing. Au mlango unagongwa. Au mtoto analia. Nilikuja kuhesabu baadae, simu iliita mara saba. Watu mtaani wakawa wanatania kwamba simu ndo mwigizaji bora, ipewe tuzo. Nilicheka nao lakini nilirudi nyumbani sijisikii vizuri.

Nikaichukua sini moja nikaiandika upya kwa hasira tu, haikuwahi kurekodiwa, ila imenifundisha kuliko semina zote. Ya zamani ilikuwa kurasa nne, na kawaida ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya picha. Rukia, mama wa yule mtoto Imran, anaenda kwa mama mkwe wake Mama Sele. Anashuka bajaji. Anabisha hodi. Anafunguliwa na dada wa kazi. Anaingia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, za kwako, nzuri, mtoto hajambo, hajambo, umemwacha na nani, na shangazi yake, karibu juisi. Juisi inaletwa. Anakunywa. "Mama, kuna jambo..." Simu.

Hii ndo mpya:

Ungo wa mchele. Mikono minne inachambua. Muda unapita kidogo.
MAMA SELE: Mama Imran, yale masikio ya mtoto yametoka wapi?
RUKIA (mkono unasimama): Masikio gani mama?
MAMA SELE: Chambua, usiache. Mi nimezaa saba. Nimeosha masikio kumi na manne, yote madogo kama ya babu yao.
RUKIA: Mama, mimi...
MAMA SELE: Sijakuuliza kitu. Nasema huu mchele una mawe.
Sele anaingia, amechoka.
SELE: Shikamoo mama.
MAMA SELE: Marahaba baba. Rukia, mpakulie mumeo.

Nusu ukurasa. Siri haijatoka kwa Sele, bado unaye wa kumwambia epsodi ya mwisho, hujapoteza kitu. Lakini sasa mama mkwe anajua, Rukia anajua kwamba mama mkwe anajua, na yule bibi ana rungu mkononi. Akitaka hela ya saluni Rukia atatoa. Akisema mtoto aje akae kwangu, Rukia atakataaje? Epsodi sita zimejitengeneza zenyewe kutoka kwenye ungo mmoja. Na kuna uamuzi pale, umeuona? Mama Sele kaamua kunyamaza mbele ya mwanae. Hiyo inaenda kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Hapo pia kuna ishu ya salamu ambayo ni yetu sisi, waandishi wa kule nje hawanayo kwa kiwango hiki. Mswahili haingii nyumba ya mtu na kuanza kusema shida, atasalimia, na ukiifuta salamu kabisa wahusika wako wanaonekana hawana adabu, watazamaji watakusema. Usiifute, isogeze. Anza sini wakati salamu zimeshaisha na watu wana kitu mikononi, mchele, nguo za kuanika, redio mbovu. Au iweke salamu pale inapouma, kama hiyo shikamoo ya Sele ambayo inakata maongezi. Na kutoka usiage. Funga sini kwenye neno lenye meno, watu wataagana wenyewe huko nje.

Ila msinielewe vibaya mkaenda kukata kila kitu mkabaki na mbio. Polepole na kupoa ni vitu viwili. Nirudi shambani kwa Hershel, epsodi ya nane, mara tu baada ya ghala. Rick, Glenn na Hershel wako baa, mji umekufa, wanaingia wageni wawili, Dave na Tony. Ile sini ni ndefu kwelikweli. Watu wamekaa wanakunywa wanaongea habari za walikotoka, safari ilikuwaje, mnakaa wapi, kuna nafasi huko kwenu. Ukiisoma kwenye karatasi ni stori za baa. Lakini hupumui, kwa sababu wale wageni wanataka kitu kimoja, shamba, na Rick anataka kitu kimoja, wasijue lilipo, na wote wanaongea kwa tabasamu. Kila swali la kirafiki ni hatua moja karibu na bunduki. Inaisha Rick amewaua wote wawili. Hiyo ndo polepole yenye afya: wawili wanataka vitu visivyoweza kukaa pamoja na hakuna anayekisema. Kwa hiyo ukipata sini ndefu ya maongezi kabla hujaikata uliza kila aliyekaa pale anataka nini SASA HIVI kutoka kwa mwenzake. Kama jibu ni "anataka kumwelezea yaliyotokea jana", kata. Kama wote wanataka kitu, iache hata dakika kumi.

Bajeti. Najua mnasubiri nifike hapa. Shamba moja, au kwa sisi ile nyumba moja ya kukodi huko Goba mnayorekodia wiki nne na jirani anapiga muziki. Huwezi kuwatoa wahusika, hela hakuna. Sawa. Kama huwezi kubadilisha mahali, badilisha nani mwenye nguvu ndani ya mahali. Sebule ileile, epsodi hii kiti kikubwa anakaa baba, ijayo anakaa mdogo wake kwa sababu ndo anayelipa kodi sasa. Dada wa kazi ambaye alikuwa anasimama mlangoni, siku moja anakaa mezani na hakuna anayethubutu kumuinua. Mtazamaji anaona nyumba nyingine kabisa.

Na kwa wanaoandika zile za kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, huko huwezi kuua mtu kila epsodi nne, utabaki na mlinzi tu. Kule hesabu inabadilika, kila epsodi hakikisha taarifa moja inahama kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. Moja tu. Jumatatu Rukia anajua, Jumanne dada wa kazi kasikia, Jumatano dada wa kazi kapandishiwa mshahara. Inatosha.

Namna ya kupanga kabla hujaandika, mi natumia manila na kalamu za rangi, vitu vya stationari ya kawaida, laptopu naweka pembeni. Kata vikadi, kila sini kikadi, uamuzi nyekundu, taarifa mpya bluu, mengine yote nyeusi. Tandaza sakafuni epsodi kwa epsodi. Usisome, simama mbali uangalie rangi tu. Ukiona bwawa jeusi pale epsodi ya nne mpaka ya sita, na mara nyingi ni hapohapo, chukua nyekundu moja kutoka epsodi ya mwisho uilete hapo. Itauma, utaanza kujitetea, utasema lakini nilikuwa naijengea. Ilete. Halafu kaa uone ya mwisho itajazwa na nini, na ninavyojua mimi itajazwa na matokeo ya hiyo uliyoileta, na matokeo yana nguvu kuliko tukio lenyewe.

Kama mmesharekodi na iko kwa mhariri, mkono wako umefupishwa ila haujakatika. Unganisha epsodi mbili ziwe moja. Hamisha sini ya siri mbele kama nguo na nywele zinaruhusu (angalia nywele jamani, mtu ana rasta asubuhi mchana ana twende kilioni). Fupisha zile za gari kufika, geti kufunguliwa, mtu kupanda ngazi. Muziki usiuongeze, muziki wa huzuni juu ya sini iliyokufa ni ubani tu.

La mwisho kuhusu kugawa. Mtindo wa sasa ni stori moja kukatwa sizoni mbili, kama Hwang Dong-hyuk, mwandishi wake, alivyofanya na Squid Game, aliiwaza kama moja halafu ikagawanywa, ya tatu ikatoka Juni 2025. Matokeo yake ya pili inaisha katikati ya vita, na watu walikasirika sio kwa sababu inaendelea, neno "itaendelea" tumelizoea tangu hadithi za magazetini, walikasirika kwa sababu walisubiri miaka mitatu na hawakupewa hata swali moja lililofungwa. Ukilazimika kukata hivyo chagua swali la ukubwa wa kati, sio kuu, ulifunge kwa kishindo, halafu ndo ukate.

Kabla hujapeleka popote ipime. Mi nampelekea shangazi yangu Tandika, hajui hii ni kazi, anajua nimemletea muvi. Namuwekea, nakaa nyuma yake na daftari, simu yake iko mezani. Sitazami picha, natazama mkono wake. Kila ukienda kwenye simu naandika dakika. Ile ya simu kuita mara saba niliwahi kumuonesha epsodi yake moja baadae, mkono ulienda dakika ya kumi na nne, na ulipofika pale Rukia anafungua mdomo, hata hakuinua kichwa, akasema, "Sasa hivi itaita."